Kabla ya Kubonyeza Kitufe Chekundu: Sauti ya Maalim na Kurekodi Nyumbani

 

Katika majuma ya karibuni wazazi kadhaa wamenifuata, wengine barazani baada ya swala ya Ijumaa, wengine kwa ujumbe wa simu, na swali lao limekuwa moja. Wana kompyuta nyumbani, wana watoto wanaosoma Qur'ani vizuri au wanaoimba qaswida za madrasa, na wangependa kuzihifadhi sauti hizo. Wamejaribu, lakini wakisikiliza walichorekodi wanakuta mikwaruzo, mwangwi, mvumo, au hawakuti kitu kabisa. Je, tatizo ni kompyuta, ni programu, au ni wao wenyewe?

Nimeona nijibu swali hili kwa urefu kidogo. Si kwa sababu mimi ni fundi, kwani elimu niliyoisomea ni ya dini na kazi yangu msikitini ni ukatibu. Nalijibu kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuharibu rekodi ambayo haikustahiki kuharibiwa, na niliyojifunza baada ya hapo nimeyalipia.

Maalim na qaswida kumi na moja

Mtaani kwetu hapa Tanga yupo Maalim aliyesomesha madrasa kwa zaidi ya miaka arobaini. Wengi wa watu wazima wa mtaa huu walizijua alifu na be mbele ya mkeka wake. Katika umri wake huo ametunga qaswida kumi na moja za Kiswahili na kuzitia mahadhi yeye mwenyewe. Maneno yake yameandikwa katika daftari lenye jalada gumu, lakini mahadhi hayakuandikwa popote. Yamekaa kifuani mwake, na kidogo kidogo vifuani mwa waliokuwa wanafunzi wake.

Kamati ya msikiti ilipoona nguvu za Maalim zinapungua, ilinikabidhi kazi ya kumrekodi. Nilichukua kompyuta yangu ya mapajani, nikaazima maikrofoni ya kuchomeka kwa waya wa USB, na nikaweka programu ya Audacity, ambayo haina malipo na ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Tulikutana sebuleni kwake baada ya swala ya Isha, pamoja na watoto sita wa kuitikia na kijana mmoja wa dufu.

Sauti ya Maalim ilikuwa ndogo kwa ajili ya uzee, nami nikaongeza kiwango cha kurekodi hadi karibu na mwisho ili asikike vyema. Lakini watoto walipoanza kuitikia na dufu likagongwa, sauti iliyoingia katika maikrofoni ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile niliyoipimia. Kipimo kilikuwa kikiwaka rangi nyekundu mbele yangu usiku kucha. Sikukitazama, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwa Maalim. Tulirekodi qaswida zote kumi na moja, tukanywa kahawa, tukasoma dua, tukaagana.

Nilipofika nyumbani na kusikiliza, kila palipokuwa na kiitikio palisikika kama karatasi inayochanwa. Nilikaa hadi usiku wa manane nikijaribu kila kifaa kilichomo ndani ya programu ile, na hakuna kilichonifaa.

Kesho yake nilikwenda kwa Maalim. Nikamwamkia, "Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso wako umekunjamana?"

Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daftari likiloa maji, mwenyewe huliandika upya. Njoo Jumamosi."

Jumamosi ile tulirekodi nne, safi kabisa. Akachoka, tukaahidiana wiki inayofuata. Siku ya Jumatano alipatwa na kiharusi. Alhamdulillah yu hai, anasikia na anaelewa kila neno, lakini ulimi wake umekuwa mzito hadi leo. Tukabaki na qaswida nne zilizo safi na saba zilizopasuka.

Nimeyasimulia haya ili msomaji aelewe jambo ambalo ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Programu ya kompyuta huweza kupunguza kilichozidi, lakini haiwezi kurejesha kisichoingia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kurekodi ni ile inayofanywa kabla ya kubonyeza kitufe chekundu.

Sauti iliyopasuka

Kompyuta huigeuza sauti kuwa namba, na namba hizo zina kikomo. Katika rekodi ya kiwango cha CD, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa moja ya ngazi 65,536. Sauti ikizidi ngazi ya juu kabisa, kilichozidi hakiandikwi popote. Ni kama kikombe kilichojaa, ambacho ukiendelea kumimina, maji yanakwenda mkekani. Ukipunguza sauti baadaye, kilele kilichokatwa kinabaki kimekatwa, ila sasa kinasikika kwa sauti ndogo. Kipo ndani ya Audacity kifaa kinachojaribu kukisia umbo la vilele vilivyokatwa, nacho husaidia pale palipopasuka kidogo tu. Kwa rekodi yangu, iliyopasuka mfululizo, hakikufua dafu.

Kinga yake ni nyepesi. Kabla ya kuanza, mwombe msomaji asome mahali anapopandisha sauti kuliko pote, na waitikiaji waitikie kwa nguvu zao zote, huku ukitazama kipimo cha kurekodi kilicho juu ya dirisha la programu. Kipimo hicho huhesabu kwa desibeli kutoka namba hasi kuelekea sifuri, na sifuri ndiyo dari. Punguza kiwango mpaka vilele vikomee karibu na alama ya hasi 6, na sauti ya kawaida iwe kati ya hasi 18 na hasi 12. Usiogope ikionekana ndogo. Sauti ndogo iliyo safi huinuliwa baadaye bila shida.

Iwapo kuna dufu, liwe mbali na maikrofoni, nalo lipimwe pamoja na sauti za watu wala si baada yao. Na ikiwa msomaji ana sauti ndogo kama Maalim wetu, msogeze karibu na maikrofoni, na waitikiaji uwarudishe nyuma hatua tatu au nne. Hilo ndilo nililopaswa kulifanya usiku ule badala ya kukimbilia kuongeza kiwango.

Kelele, mvumo na mwangwi

Malalamiko ya pili ni kwamba sauti inasikika kama inatoka ndani ya kisima. Hapa programu haina kosa, kwa sababu kosa ni la chumba. Sebule zetu nyingi zina sakafu ya saruji au vigae, kuta tupu na dari ngumu, na sauti ikitoka kinywani hugonga huku na kule kabla ya kufika kwenye maikrofoni. Mwangwi ukishaingia hauna dawa ya maana.

Chumba cha kulala ni bora kuliko sebule. Tandika mkeka na zulia, egemeza godoro ukutani nyuma ya msomaji, tundika blanketi au mapazia mazito mbele yake, na kabati la nguo uliache wazi. Kisha msogeze msomaji awe umbali wa shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kinywani hushuka kwa takribani desibeli 6, ilhali kelele ya chumba inabaki ilivyo. Kwa hiyo shibiri moja ya ukaribu ni tiba kuliko kifaa chochote cha kununua. Maikrofoni iwe pembeni kidogo ya kinywa, isielekeane nacho, ili pumzi ya herufi kama be na pe isiipige. Kipande cha kanga nyepesi kilichotandazwa kwenye kitanzi cha waya mbele ya maikrofoni nacho kinatosha kuizuia pumzi hiyo.

Kuhusu mvumo, kwanza zima feni. Zima friji pia, na ili usisahau kuliwasha tena, weka ufunguo wa mlango wa nje ndani yake, maana hutatoka nyumbani bila kulifungua. Ikiwa bado unasikia mvumo mzito usiobadilika, chomoa chaja ya kompyuta na utumie betri. Umeme wetu huenda kwa mzunguko wa 50 kwa sekunde, na chaja nyingi hupitisha mvumo huo hadi kwenye maikrofoni. Na wenye paa la mabati watazame mawingu kabla ya kuwaita watoto.

Baada ya yote hayo, kelele ndogo iliyosalia huweza kupunguzwa na programu. Kila unapoanza kurekodi, acha sekunde tano za ukimya kabla msomaji hajaanza. Baadaye chagua sekunde hizo peke yake, ingia katika menyu ya athari za sauti, fungua kifaa cha kupunguza kelele na ukiamuru kijifunze kelele hiyo. Kisha chagua rekodi yote na ukiamuru kuiondoa.

Hapa nawasihi sana wale wanaorekodi Qur'ani. Tumia kifaa hiki kwa kiasi. Herufi zenye mchirizi wa pumzi, kama sin, tha, fa na shin, hufanana na kelele masikioni mwa kompyuta, na kifaa kikitumiwa kwa nguvu huzila pamoja na kelele yenyewe. Nimesikiliza rekodi ya mtoto ambaye sin na tha zake zilikuwa hazitofautiki, na mwalimu wake akaapa kwamba mtoto yule hana kosa hilo. Kosa lilikuwa la baba yake aliyesafisha kupita kiasi. Ni afadhali ukaacha mvumo kidogo na herufi zikabaki na haki yake.

Kompyuta isiyosikia

Wapo wanaobonyeza kitufe na kuona mstari mnyoofu tu, bila wimbi lolote. Kabla hujamwita fundi, fuata mpangilio huu.

Kwanza, hakikisha maikrofoni imechomekwa kabla ya kufungua programu. Ikiwa umeichomeka baadaye, Audacity huenda isiione, basi ifunge na uifungue tena. Pili, tazama katika orodha ya vifaa vya kurekodi kama umechagua maikrofoni yako na si ile ndogo iliyomo ndani ya kompyuta. Mara nyingi mtu huweka maikrofoni nzuri mbele ya mtoto, kumbe kinachorekodi ni kitundu kilicho kando ya skrini. Njia ya kujua ni kuigusa maikrofoni kwa kidole polepole na kutazama kama kipimo kinaruka. Tatu, ikiwa unatumia Windows, ingia katika mipangilio ya faragha uhakikishe kwamba programu zimeruhusiwa kutumia maikrofoni. Nne, funga programu za mikutano ya mtandaoni, kwani huenda mojawapo imeishika maikrofoni na haijaiachia.

Tatizo jingine lililo karibu na hilo ni sauti kusikika sikio moja tu. Hilo hutokea maikrofoni moja inaporekodiwa kana kwamba ni mbili. Chagua rekodi ya njia moja, yaani mono, na halitarudi. Sauti ya mtu mmoja haihitaji zaidi ya hapo.

Na kwa wenye hedifoni za Bluetooth, nasaha yangu ni kuziweka kando wakati wa kurekodi. Nyingi katika hizo, mara maikrofoni yake inapotumika, huishusha sauti ikawa kama ya simu. Msomaji anajua jinsi ilivyo vigumu kutofautisha sin na fa katika simu. Hedifoni za waya za bei ndogo zinafaa zaidi.

Asiye na maikrofoni asikate tamaa. Simu ya kiganjani yenye kinasa sauti, ikiwekwa shibiri moja kutoka kwa msomaji juu ya mto uliokunjwa, ndani ya chumba kilichotayarishwa kama nilivyoeleza, hutoa rekodi bora kuliko maikrofoni ya gharama iliyowekwa katikati ya sebule tupu. Jambo moja tu lisisahauliwe, nalo ni kuiweka simu katika hali ya ndege ili asipige mtu katikati ya kisomo.

Sauti inayochelewa, na mahadhi yanayoshuka

Baadhi ya vijana hurekodi sauti ya kiongozi kwanza, kisha hurekodi kiitikio juu yake. Wakisikiliza, wanakuta kiitikio kimechelewa. Sababu ni kwamba sauti huchukua muda kidogo kutoka kwenye kompyuta hadi masikioni, na kutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye kompyuta. Programu hujaribu kufidia muda huo kwa kukisia, na makisio hayo hayafai kwa kila mashine.

Ili kupima, rekodi makofi machache. Kisha yacheze makofi hayo kupitia hedifoni uliyoibana kwenye maikrofoni, huku ukirekodi mstari wa pili. Tazama umbali kati ya kofi la mstari wa juu na mwenzake wa chini. Umbali huo ndio ucheleweshaji wa mashine yako, na kiasi hicho hurekebishwa katika mipangilio ya kurekodi mara moja tu. Kwa qaswida moja, inatosha pia kuusogeza mstari wa pili kwa mkono mpaka uoane na wa kwanza. Katika kazi hii hedifoni ni lazima. Bila hiyo, sauti ya kiongozi itatoka katika spika na kuingia tena katika maikrofoni.

Wengine huona ajabu kwamba rekodi imekuwa nzito na ya polepole, kana kwamba mtoto amekuwa mzee. Hiyo hutokea pale sauti iliyorekodiwa kwa vipimo 48,000 kwa sekunde inaposomwa kana kwamba ni ya vipimo 44,100. Kisomo cha dakika 10 kinakuwa cha dakika 10 na sekunde 53, na mahadhi yote yanashuka. Weka namba moja katika programu na namba hiyohiyo katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, na tatizo litaondoka. Kwa anayehifadhi mahadhi ili wengine wajifunze, kosa hili si dogo, kwa kuwa atakayekuja baadaye ataiga alichosikia.

Kuhifadhi

Hili limewaliza wengi. Ukibonyeza kuhifadhi ndani ya Audacity, unachohifadhi ni faili la kazi, linalofunguliwa na Audacity peke yake. Ukilituma kwa WhatsApp kwa shangazi aliyeko Muscat, hatalisikia. Ili kupata faili linalosikika kila mahali, ni lazima uamuru programu itoe sauti katika muundo wa WAV au MP3.

Kwa wenye rekodi za miaka ya nyuma, kuna tahadhari zaidi. Kabla ya toleo la 3.0 lililotoka mwaka 2021, faili la kazi la Audacity lilikuwa dogo mno, na sauti yenyewe ilikaa katika folda nyingine kando yake. Aliyehamisha faili bila folda yake alihamisha jalada akaacha kitabu. Basi ukikuta faili la namna hiyo katika kompyuta ya zamani, usifute folda iliyo jirani nalo. Vihamishe vyote viwili pamoja, uvifungue, kisha utoe sauti ya WAV.

Hifadhi asili katika WAV. Dakika moja ya sauti ya mono katika kiwango cha CD huchukua takribani megabaiti 5, na saa moja huchukua kama 318. Flashi ya kawaida huchukua saa nyingi za kisomo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, yenye megabaiti 1 hivi kwa dakika, inafaa kwa kutumiana, lakini isiwe ndiyo nakala pekee, kwani muundo huo hupunguza sauti na kilichopunguzwa hakirudi. Na rekodi asili usiihariri kamwe. Fanya kazi zote za kukata na kusafisha katika nakala.

Kila faili lipewe jina linaloeleweka, yaani jina la qaswida au sura, jina la msomaji, mahali na tarehe. Kisha ziwepo nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi, na moja katika nyumba nyingine kabisa. Moto na wezi hawabishi hodi.

Ruhusa ya mwenye sauti

Ndugu wasomaji, wapo wanaoona dufu lina nafasi yake na wapo wanaojiepusha nalo. Mjadala huo una wenyewe, nasi tunauacha kwa maulamaa wetu. Lakini lipo jambo ambalo sote tunakubaliana nalo, kwamba sauti ya mtu ni amana. Usimrekodi mzee bila kumwambia, na ukimwambia, mweleze pia itakakokwenda. Mtu aliyekubali kurekodiwa kwa ajili ya wajukuu zake hakukubali kusambazwa katika makundi ya simu. Binti aliyeimba mbele ya mama zake ana haki ya kuulizwa, na baba yake, kabla sauti yake haijatoka nje ya nyumba. Maalim wetu alituruhusu kwa sharti moja, kwamba qaswida zisomeshwe madrasani na zisiuzwe. Sharti hilo nimeliandika katika faili moja na rekodi zenyewe, ili atakayerithi ukatibu baada yangu asijifanye hakujua.

Faida ya rekodi iliyohifadhiwa vizuri tumeiona wenyewe. Mwaka 1961 Misri ilitoa katika sahani za santuri Qur'ani nzima kwa tartili, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Sheikh huyo alifariki mwaka 1980, lakini hadi leo watoto waliozaliwa miaka mingi baada yake hurekebisha makhraji zao kwa kumsikiliza, pamoja na kukaa mbele ya walimu wao. Rekodi haichukui nafasi ya mwalimu. Humsaidia mwanafunzi mwalimu anapokuwa hayupo.

Zile saba zilizopasuka

Wasomaji watauliza, na zile saba je? Kwa muda mrefu sikuthubutu kuzifungua. Hatimaye mama yangu mzazi, ambaye naye alisoma kwa Maalim, aliniambia, "Wewe unasikiliza mikwaruzo. Sisi tutasikiliza qaswida. Tuletee."

Nikapeleka kompyuta. Wakakusanyika mama watatu waliokuwa wanafunzi wa mwanzo wa madrasa ile. Walisikiliza beti moja, wakanyamaza, kisha mmoja akaanza kuimba na wenzake wakamfuata. Pale ambapo kompyuta ilitoa kelele tupu, wao walikumbuka. Tulizirekodi sauti zao katika chumba cha kulala chenye godoro ukutani, kipimo kikiwa katika hasi 12, macho yangu yakiwa juu yake muda wote. Kisha, kwa ridhaa yao, tulimpelekea Maalim asikilize.

Alisikiliza akiwa ameegemea mto, akifuatisha mapigo kwa kidole kwenye ubao wa kitanda. Katika qaswida ya tatu alitikisa kichwa na kuinua mkono. Tukarudi, mama wale wakaimba tena kwa namna nyingine, na mara ya tatu akaitikia kwa kichwa. Kwa njia hiyo tano kati ya saba zimethibitishwa naye. Mbili bado zina hitilafu baina ya mama zetu wenyewe, kila mmoja akisema hivi ndivyo alivyofundishwa, na tunamwomba Allah ampe Maalim umri na afya tuzimalize.

Basi swali nililoulizwa nalijibu hivi: mara nyingi si kompyuta, wala si programu. Ni haraka yetu. Tayarisha chumba, pima sauti, jaribu dakika moja na uisikilize kwa hedifoni kabla ya kuendelea, kisha hifadhi nakala tatu. Dakika hiyo moja ya majaribio ingeniokolea qaswida saba.

Na kama nyumbani kwako yupo babu au bibi mwenye jambo ambalo halijaandikwa popote, iwe ni qaswida, nasaba ya ukoo au historia ya msikiti wenu, usisubiri kununua vifaa. Omba ruhusa, zima feni, weka simu juu ya mto, na umwambie aanze leo.

Wabillahi tawfiq.